Shingo Inayonizuia Kushuka Ziwani

Jumamosi. Ukungu umeigubika Litembo tangu alfajiri, nami namtaka mama yangu. Mtu mzima mwenye watoto wawili, naandika hivyo bila aibu.

Vidole vilipoanza kufa ganzi mwaka jana, nilisingizia baridi. Mimi ni mtu wa ziwani, nimezaliwa Mbaha, nikaolewa huku milimani kwenye kahawa. Mawifi walinitania, “Mnyasa na baridi wapi na wapi!” Nikacheka nao, nikawa naota moto kila asubuhi. Hadi siku niliposhika sufuria iliyotoka motoni, nikasikia harufu ya ngozi yangu ikiungua.

Maumivu hayakuja kabisa.

Picha ya shingo ikaonyesha vifuko vya maji vimeota kwenye pingili, vinaukandamiza uti wa mgongo. Daktari akasema nipasuliwe, na kabla ya hapo nisipite barabara za makorongo, si kwa pikipiki wala kwa gari. Mtikisiko mmoja mbaya, huenda nisisimame tena. Barabara ya kushuka kwetu ziwani ni makorongo matupu.

Upasuaji nimeukwepa miezi mitatu: mara mavuno, mara kipaimara cha binti yangu. Ukweli ni kwamba naogopa nisiamke. Naogopa kufa kabla sijaoga tena kwenye yale maji, mama akinisugua mgongo huku ananigombeza.

Leo nikafanya ujinga. Mume wangu alipokwenda shamba nilichukua mkoba, nikasimamisha bodaboda inishushe kwa mama. Mguu wa kulia ukagoma kupanda. Nilijaribu mara tatu, dereva akageukia pembeni asinione nikilia.

Nikampigia mama palepale barabarani, nikitamani aniambie njoo.

“Ziwa halihami, Asteria,” akasema. “Waache waitibu hiyo shingo kwanza, mwanangu. Ushuke kwa miguu yako mwenyewe.”

Jioni hii nimemwambia mume wangu awapigie hospitali, niko tayari. Alinishika mkono. Nilijua kwa kuangalia, maana mkono wenyewe haukuniambia.

Sasa nimekaa, naandika kwa kidole kimoja kinachonisikia. Uamuzi nimeshaufanya na sirudi nyuma. Ni kweli, ziwa halihami.

Na mama je, anayekohoa tangu Pasaka?