Senene Hawana Anuani

Al Barsha, Dubai
4 Februari 2024

Kaka Severin,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba kifua cha Mama kimetulia. Mimi sijambo, ila viyoyozi vya ofisini vitatuua kabla ya jua.

Ujumbe wako nimeupata. Yaani wewe, afisa biashara wa halmashauri nzima, unaniuliza mimi mpokea wageni namna ya kutoa leseni! Nimecheka mpaka madam akaniuliza kama nimechumbiwa. Umesema niandike vizuri ili umwonyeshe mkurugenzi wako, basi haya.

Ofisi yetu iko Jumeirah Lake Towers, na kazi yetu ni kuwasaidia watu kupata leseni. Mtu anakuja, tunamuuliza: unafanya biashara gani, na unaifanyia wapi? Akitaja jengo na chumba tunaingiza kwenye kompyuta, anakunywa kahawa yake, khalas. Asiye na anuani hapati kitu. Biashara moja, mahali pamoja. Ndiyo maana hapa huoni watu wanapanga vitu popote wanapojisikia.

Mwambie Mama senene wake wa kukaanga walifika salama, na wameisha. Sharifah, yule Mganda anayelinda mlango wa jengo letu, alimaliza kopo zima akiwa lindoni. Msimu ukija, Mama aongeze.

Mdogo wako,
Redempta

---

Kagera
30 Juni 2024

Mdogo wangu Redempta,

Marahaba. Huku wote wazima, kifua cha Mama kimepona na maneno yake yamerudi, kwa hiyo hatulali kwa kusimangwa. Wewe je, unakula vizuri?

Barua yako imefanya kazi kuliko ulivyodhani. Niliwasomea madiwani kikaoni, nikaruka tu ile habari ya kuchumbiwa. Walipiga meza! Utaratibu mpya umepita: kila leseni itataja anuani moja, na atakayekutwa akifanya biashara nje ya anuani yake, vifaa vyake vinachukuliwa. Nimeuandika mimi, neno kwa neno. Vijana wa ofisini siku hizi wananiita Bwana Dubai, nami naitika.

Wa kwanza kukata leseni mpya ni Mama. Kazi: kukamata na kuuza senene. Anuani: hapa hapa nyumbani. Ameitia kwenye fremu, ameitundika karibu na picha ya marehemu Baba, na hakuna mgeni anayepewa chai kabla hajaisoma. "Hii kaisaini mwanangu," anawaambia.

Kaka yako,
Severin

---

Al Barsha, Dubai
19 Septemba 2024

Kaka, Bwana Dubai mwenyewe,

Shikamoo. Mimi mzima, joto ndilo linatumaliza. Hongera sana, nimejisikia kama mimi ndiye diwani.

Sharifah ameshapokea oda za walinzi wenzake wa Silicon Oasis, wote Waganda, wote wanadai hawajaonja senene tangu waje. Nitawauzia ngazini kama mwaka jana, bila leseni, bila anuani. Usije ukanikamata. Mwambie Mama asitie chumvi nyingi.

Mdogo wako,
Redempta

---

Kagera
26 Novemba 2024

Redempta,

Sikusalimu vizuri leo, nisamehe. Sijui hata nianzie wapi.

Mwaka huu senene hawakushuka kwetu. Walishuka kata ya jirani, ng'ambo ya bonde. Wakamataji wote wakahamia huko na mabati yao, mapipa na taa za kuwavutia usiku, kama ilivyo siku zote. Diwani wa kule akapiga simu kwamba kilima chake kimejaa watu wenye leseni za kwingine. Asubuhi mkurugenzi akanituma na mgambo. Nilikwenda kifua mbele. Niliamuru mabati yang'olewe na mapipa yapakiwe kwenye gari. Wanawake walikuwa wanalia, na mimi nawasomea utaratibu kwa sauti kubwa.

Kwenye turubai la mwisho mgambo walisita, wakaniita. Nikalifunua mwenyewe. Mama alikuwa ameketi juu ya pipa lililopinduliwa, na leseni yake mapajani, ndani ya fremu. Alikuwa ameibeba kutoka ukutani ili asisumbuliwe.

Alisimama. Akakunja goti mbele ya watu wote wale, akasema, "Shikamoo, Bwana Afisa."

Mama aliniamkia mimi! Aliyenizaa! Nilitaka ardhi inimeze. Ningeitikia nini, Redempta? Marahaba? Niliganda, mdomo wazi. Mgambo walikuwa wanangoja neno langu, wakadhani kimya ni ruhusa. Wakapakia na vya Mama.

Kaka yako, kama bado unanihesabu,
Severin

---

Al Barsha, Dubai
28 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Nakupa kwa kuwa ni yako, lakini leo imenikwama kooni. Barua yako niliisoma kwenye simu ndani ya metro, nikapitiliza kituo, nikajikuta sijui nilipo. Sharifah alipoisikia akasema, "Banange, maama anamwamkia mutoto?" Akaketi sakafuni na sare yake.

Nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi. Sisi wawili tumekua tukibeba mabati nyuma ya Mama, leo kilima hiki, kesho kile. Tulisahau vipi? Mimi nilikuandikia kile ninachokiona mezani kwangu. Sikukuambia kwamba hata hapa Dubai leseni si za namna moja. Silicon Oasis wana mamlaka yao na masharti yanayowafaa watu wa kompyuta, na hapa kazini kwetu tuna mengine. Kila eneo limepimwa kwa kazi inayofanyika pale. Wewe umechukua leseni ya ghorofa lenye lifti ukakivisha kilima.

Rudi kwa madiwani. Waandikie leseni ya msimu, itembee wilaya nzima, iwafuate senene waliko. Lakini kwanza nenda kwa Mama.

Mdogo wako,
Redempta

---

Kagera
8 Novemba 2025

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ni ya mwaka jana. Nilishindwa kukuandikia. Afya ninayo, mengine ndiyo sina.

Madiwani walinicheka, wakanikatalia, mwishowe wakachoka na mimi. Leseni ya msimu imepita, itafanya kazi kata zote. Mabati na mapipa yamerudishwa kwa wenyewe. Kwa Mama niliyapeleka mwenyewe, akanishukuru kama anavyomshukuru dereva. Mwaka mzima hajanitaja kwa jina. Nikienda nyumbani ananiwekea kiti cha wageni.

Jana tulifungua dirisha la leseni mpya. Mama alikuja, akapanga foleni na wenzake. Zamu yake ilipofika nilimuuliza kama ninavyowauliza wote: mtu wako wa karibu ni nani, ukipata tatizo tumpigie?

Akasema, "Nina binti. Yuko Dubai."

Nikaandika jina lako kwa mkono wangu. Nyuma yake foleni nzima inajua mimi ni mwanawe, na hakuna aliyenitazama usoni.

Mpigie, tafadhali. Muulize kama bado nina mama.

Severin

---

Al Barsha, Dubai
9 Novemba 2025

Kaka,

Shikamoo. Sina nafasi ya kukuuliza hali, naijua.

Nimempigia, nikamuuliza kama ulivyoandika. Akasema, "Senene wameshuka ng'ambo ya bonde tena. Sina wa kunisaidia kunyonyoa mabawa. Mwambie aje. Na aje bila mgambo."

Yalla, ondoka sasa hivi. Ukifika, wahi kumwamkia kabla hajainuka.

Mdogo wako,
Redempta