Kijiko Kizima cha Nanaa

Jumanne, 4 Machi
Tok! Tone la kwanza kutoka kwenye mdomo wa bomba, likianguka ndani ya chupa. Bado nalisikia. Kutwa nzima nimechemsha nanaa, jiko zima mvuke, na mafuta yaliyopatikana hayajazi hata kikombe cha kahawa. Lakini nimeyatoa mwenyewe! Shangazi hakugusa kitu. Alikaa akinitazama, kisha akasema nikiendelea hivi, kazi hii itakuwa yetu sote wawili. Niliinamia ndoo ya kupozea bomba asinione ninavyotabasamu.

Jumatano, 5 Machi
Baba amefika. Amenitafutia nafasi ofisini kwa rafiki yake, naanza Jumatatu. Sikumsomesha aje kuchemsha majani, alimwambia Shangazi.
"Kaka, kichwa kikikuuma mama alikuwa akikupaka nini? Leo imekuwa majani?"
Baba akaomba chai. Anajua sana kukwepa swali bila kukubali.
Safari imemtia maumivu ya mgongo. Vizuri! Nitamwonyesha kazi ya majani.

Alhamisi, 6 Machi
Loo, aibu gani hii!
Nanaa ni matone machache ndani ya mafuta ya kula, kisha unasugua mgongo. Najua. Mtoto anajua. Mimi, msomi, nikamtilia kijiko kizima kwenye maji ya kuoga! Maji ya moto kabisa, lakini nanaa ikizidi ngozi huhisi baridi — Baba akatoka bafuni mbio, taulo kiunoni, meno yanagongana.
"Umeniogesha barafu, wewe!"
Mablanketi mawili, na nje jua linawaka. Shangazi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Pole, kaka, ni majani tu hayo!
Baba hakucheka. Jumatatu ofisini, basi, akasema.
Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Shuleni methali hii niliiandikia insha. Leo nimeielewa.

Ijumaa, 7 Machi
Baba ameamka na mafua, na kosa ni langu, ati. Shangazi yuko sokoni. Nikatia tone moja — moja! — kwenye bakuli la maji ya moto, nikamwambia afumbe macho, nikamfunika taulo kichwani. Alikubali huku amenuna.
Akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu.
"Usidhani umeshinda," sauti ikatoka chini ya taulo. "Jumatatu iko palepale."
"Sawa, Baba."
"Maji yanapoa. Ongeza."
Nimekuja jikoni kuyachemsha. Ofisini nimeshapiga simu, kabla hajaamka: nafasi wampe mwingine. Nitamwambia akitoa kichwa.
Anaita tena — na lile tone je, haliongezwi?