Nilibadilisha Mwisho wa Mama Odile

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu kila ninayemweleza anaanza kucheka katikati na mimi nabaki na mzigo wangu. Naitwa Elias, nina miaka thelathini na moja, naishi Muyinga, na kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye banda la video la Mzee Zihalirwa, Mkongomani wa Bukavu anayeuza pia vitenge. Nasimama pembeni ya skrini na kipaza sauti, walio ndani ya filamu wakisema Kifaransa mimi nasema Kiswahili, wakilia nalia, wakiimba naimba, na ukweli ni kwamba Kifaransa changu nimekipata ukubwani, maana nilizaliwa na kusoma kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na tuliporudi Burundi nikakuta wenzangu wanafundishwa hesabu kwa Kifaransa, nikakaa dawati la nyuma nikibahatisha, na mpaka leo pale nisipoelewa nabahatisha, na wateja wanasema hapo ndipo panaponoga.

Mwaka huu tumeonyesha msimu wa tatu wa Kwaya ya Mama Odile, vichekesho vya kuimba kutoka Afrika Magharibi, kila Jumamosi saa tisa mchana. Kwa ambaye hajauona, Mama Odile anaongoza kwaya ya wanawake wa sokoni, na kila mwenye shida zake anaziimba badala ya kuzisema, hata mwenye nyumba akija kudai kodi anadai kwa sauti ya tatu. Mume wake, Gaston, alimwacha mwisho wa msimu wa pili, si kwa mara ya kwanza, na msimu huu wote ulikuwa unauliza jambo moja tu, je, akirudi atapokewa? Mshauri, hujaona watu wanavyoweza kugawanyika. Tuna kundi la WhatsApp la mashabiki, mwenyekiti wake ni Zuberi, dereva wa teksi ya Muyinga na Gitega, na kuanzia sehemu ya nne hakukuwa na mtu anayeuliza bei ya maharage humo, wote ni Gaston arudi, Gaston asirudi, nyimbo za msimu wa pili zilikuwa bora, nyimbo za msimu huu ni kelele tupu, na wengi, wengi sana, walinitumia mimi ujumbe wa sauti wakinisihi, Elias, tafadhali, mrudishe Gaston, kana kwamba mimi ndiye niliyemwoa Odile.

Basi ikafika sehemu ya mwisho. Niliiangalia peke yangu asubuhi, na naomba uelewe kwamba sehemu hiyo niliielewa vizuri, neno kwa neno. Gaston anakuja na sanduku lake, anasimama mlangoni, anaimba wimbo mrefu wa kuomba msamaha, Odile anamsikiliza mpaka mwisho, anamletea glasi ya maji, anamwambia, "Umeimba vizuri, Gaston, nenda salama," kisha anafunga mlango na kurudi kwenye mazoezi ya kwaya. Mwisho. Mchana banda likajaa mpaka watu wakakaa kwenye makreti, na dada yangu Letisia alikuwa benchi la mbele, na ilipofika pale Odile anafungua mdomo mimi nikasikia sauti yangu inasema kwenye kipaza sauti, "Gaston, mume wangu, hapa mbele nina wageni wa kwaya, zunguka upite mlango wa nyuma, chakula kipo mezani." Mlango ukafungwa, Gaston akaondoka na sanduku lake, na banda zima likaamini anazunguka nyuma. Watu waliruka, wanawake walipiga vigelegele, mzee mmoja alinikumbatia. Wiki nzima Muyinga hapakuwa na salamu nyingine, ukipita sokoni unasikia, "Pita nyuma, chakula kipo!"

Zuberi akaipeleka habari hiyo Gitega. Alipoanza kuwasimulia abiria kule, wakamcheka mpaka akakasirika, kwa sababu wao wanauangalia mchezo kwa Kifaransa chake na wanajua mlango ulifungwa, na wapo waliosema msimu umeharibika na wapo waliosema ndio msimu bora kuliko yote, lakini hakuna hata mmoja aliyesikia habari za mlango wa nyuma. Zuberi akarudi akatangaza kwenye kundi kwamba watu wa Gitega wameuziwa kopi iliyokatwa, na mashabiki wetu wakawaonea huruma. Mimi nikanyamaza. Mzee Zihalirwa, ambaye anajua Kifaransa kuliko mimi, aliniita pembeni akaniambia, "Acha hivyo, Elias. Iko ni comédie. Batu balifurahi, we ulitaka balie? Mi sioni shida." Na mimi nikaona ni kweli, shida iko wapi.

Shida ni Letisia. Dada yangu aliolewa na Fabiano, na Fabiano alimwacha akaenda kuishi na mwanamke mwingine kule Mutaho, akarudi, akaondoka tena, akarudi, na mara ya tatu alipohamia kwa mwingine Gitega dada hakungoja, alifunga cherehani yake kwenye baiskeli akaja nyumbani kwa baba, na sasa ni mwaka wa pili anashona hapa. Sikufichi, Fabiano ni mtu mzuri ukimtoa kwenye hilo, ndiye aliyenifundisha pikipiki, ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Zihalirwa akamwambia huyu ana mdomo, mpe kipaza sauti, tulikuwa tunasikiliza mpira pamoja kila Jumapili na tangu aondoke sijapata mtu wa kubishana naye, na utani wake mpaka leo nautumia kwenye filamu. Siku ile tukitoka bandani Letisia aliniuliza njiani, "Kwa hiyo wewe Elias ungempitisha mlango wa nyuma?" Nikacheka nikamjibu, "Kwa nini nisimpitishe? Mtu amerudi." Akatangulia mbele. Siku ya tatu nikasikia amempigia Fabiano simu, kwamba kama anamtaka aje.

Sasa anakuja Jumamosi hii. Kama unavyojua, kwetu mwanamke akiwa amerudi kwa wazazi, mume anakuja kumchukua na wazee wake na bia, na baba mkwe akishaipokea na kunywa, jambo limefungwa, hakuna wa kulifungua tena. Baba yetu, Mzee Kastori, ameshakubali kuwapokea. Na Ketsia, binti wa Mzee Zihalirwa anayeishi Musinzira kule Gitega na ni rafiki wa dada, anakuja kusaidia kupika, na jana kanitumia sauti, "Elias, we uko mwongo! Huku tuliangalia bote kwa salon, ule mwanamuke alifunga mlango na bamama bakapiga makofi. Mlango ya nyuma uliitoa wapi? Ile nyumba iko na mlango moya tu! Mi nikifika nitamwambia Letisia." Akisema hayo mbele ya wazee wa Fabiano, bia ikiwa mezani, nitaweka wapi uso wangu? Nimwombe Ketsia anyamaze? Au nimwambie dada kwamba nilikosea Kifaransa, jambo ambalo kila mtu ataliamini? Naona haya na silali vizuri. Nisaidie.

Elias, Muyinga


MSHAURI ANAJIBU

Elias,

Nimecheka. Umenikataza, lakini pale kwa mlango wa nyuma nilishindwa. Kisha nikasoma habari za dada yako na kicheko kikaisha.

Tuanze na mashabiki, maana hao ni wepesi. Muyinga wamepata mwisho walioutaka, Gitega wamepata mwisho uliotengenezwa, na kila upande unauonea huruma upande wa pili. Hakuna aliyeumia hapo. Mwambie Zuberi ukweli akishapoa, atakununia wiki mbili, kisha atataka umtafsirie msimu wa nne. Ila banda lako lina haki ya kujua wakati gani unatafsiri na wakati gani unatunga. Ukitaka kutunga, tunga, una kipaji. Sema tu kwamba umetunga.

Sasa dada yako. Umeniuliza maswali mawili na yote mawili yanakuhusu wewe. Uso wako utauweka wapi, na uongo gani utaaminika. Hukuniuliza hata mara moja kama Letisia atakuwa salama akirudi kwa mtu ambaye ameshaondoka mara tatu. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta Letisia anataka nini, sikumwona. Nilichokiona ni pikipiki, mpira wa Jumapili na utani. Ndugu yangu, aliyemkosa Fabiano ni wewe. Kumkosa shemeji si kosa, na nakuonea huruma kweli, maana ndoa ikivunjika hakuna anayekuja kumpa pole mdogo wa mke. Lakini ulichukua hamu yako ukaitia kwenye kinywa cha Odile, mbele ya dada yako, ukijua amekaa benchi la mbele na anawaza nini.

Usijifiche nyuma ya Kifaransa. Umeniandikia mwenyewe kwamba ulielewa neno kwa neno. Ukisema ulikosea, utakuwa umemdanganya mara ya pili, na safari hii huna hata watu wa kukupigia makofi. Na Ketsia mwache. Huyo anataka kufanya kazi uliyopaswa kuifanya wewe, usimzibe mdomo.

Fanya hivi. Usingoje Jumamosi, wala usingoje Ijumaa watu wakiwa wanamenya ndizi. Kesho, mkute dada yako akiwa peke yake, umwambie mwisho wenyewe ulivyo, glasi ya maji na yote, na umwambie kwamba ulibadilisha kwa makusudi na kwa nini. Usimshauri arudi, usimshauri abaki. Akikukasirikia, kaa hapo hapo ukasirikiwe. Kisha muulize anataka nini, na akikwambia hataki tena, wewe ndiye uende kwa Mzee Kastori kabla wageni hawajapanda gari, siyo yeye. Baba atagomba. Atagomba zaidi kama bia imeshafunguliwa.

Na akisema bado anamtaka Fabiano, hiyo ni haki yake. Mwanamke mzima ana ruhusa ya kumpokea mumewe bila kuuliza mchezo wa kuigiza. Ila ajue anachokichagua.

Mshauri


Wasomaji, majina ya humu nimeyabadilisha. Kwa kuwa Jumamosi isingelingoja gazeti, jibu hilo nilimtumia Elias kwa simu siku ya Jumanne, na nilidhani nimemaliza. Jumatano jioni akanipigia.

Alikuwa amemwambia. Alisema Letisia alikuwa anashona na hakusimamisha cherehani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Elias, nina macho. Niliona Gaston amebaki nje. Nilijua siku ile ile kwamba umebadilisha, kwa hiyo nikakuuliza njiani, na wewe ukanijibu. Nikasema basi, kama mdogo wangu mwenyewe ananiambia mbele ya watu wote nirudi kwa mume, ina maana hapa nyumbani nimeshawachosha."

Mimi nilikuwa nimeisoma barua ile mara mbili na sikuliona hilo. Nilimtafuta dada ndani yake nikasema simwoni, na swali lake lilikuwa limeandikwa pale wazi. Nakiri.

Elias akaniuliza sasa afanyeje kuhusu Fabiano na wazee na bia. Nikamuuliza alimjibu nini dada yake. Akasema hakumjibu, alitoka nje kunipigia mimi. Nyuma yake nilikuwa nasikia cherehani bado inakwenda.

Nikamwambia bia ni ya Jumamosi. Kata simu, rudi ndani sasa hivi, umwambie hajamchosha mtu.