Mama Vero, Pasaka Imekwisha

Mama Vero, mwenzangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko uliko? Kifua kimetulia? Najua si swali la kumuuliza aliyepumzika, lakini kila asubuhi nilikuuliza hivyo, na leo nimeshindwa kuanza kwa neno jengine.

Sisi huku Michenzani tunaendelea. Baba Vero anakwenda kazini, anarudi, anakula kidogo. Bi Zuwena, jirani yako, bado anapanda ngazi na bakuli kila magharibi kama alivyofanya ulipokuwa kitandani. Ukimwambia imetosha sasa, anasema yeye haleti chakula, anakuja kuyaangalia masufuria yako yasilale njaa.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu lipo jambo nililokuahidi halikutimia, na sipendi ulisikie kwa mwengine. Siku ile uliponishika mkono uliniambia, "Vero apokee Komunyo mwaka huu. Wewe ndiye mama yake wa ubatizo." Nikasema atapokea. Ukaondoka tungali kwenye Kwaresima, siku tatu kabla ya Matawi.

Pasaka ikaja bila wewe. Aleluya haikunitoka. Mdomo ulifunguka, sauti ikakataa. Vero alikaa ubavuni kwangu kama mtu aliyeletwa kwenye harusi ya watu asiowajua. Wiki ya pili yake, tukitoka kwenye mafundisho, akanambia hatapokea Komunyo ya Kwanza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu."

Hapo nilikosea, mwenzangu. Badala ya kunyamaza nikamwambia, "Mama yako atahuzunika huko aliko." Alinitazama, sitausahau mtazamo ule. Miaka tisa tu, na macho ya mtu mzima aliyedhulumiwa. Tangu siku hiyo akaacha kusali. Hakugoma kuja kanisani. Anakuja, anasimama watu wakisimama, anapiga magoti watu wakipiga, mdomo umefungwa. Baba yake akamsihi, mwalimu wa mafundisho akamsihi, nami nikazidi kumsihi. Bi Zuwena ndiye aliyeniita kando siku moja pale kwenye ngazi. "Mama Denis, mwache mtoto apumue. Mungu hana haraka naye." Yeye Muislamu na mimi ndiye mama wa ubatizo. Niliona haya.

Sasa kuna ile sala yetu ya saa sita, pale kwenye baraza ya skuli, wazee tukisubiri watoto watoke. Ulianzisha wewe, na ulipoondoka nikatupiwa mimi, kwa kuwa hakuna mwengine aliyetaka kusimama mahali pako. Siku zote za Pasaka tukasali Malkia wa Mbingu, haraka haraka kabla ya adhana ya adhuhuri, kama ulivyotuzoesha. Lakini kalenda yetu ulikuwa wewe. Kila mwaka, Jumatatu baada ya Pentekoste, ulikuja na pakacha lako la sokoni ukatutangazia, "Haya, sherehe imekwisha, mshumaa wa Pasaka umeshahamishwa, turudi kwenye Malaika wa Bwana." Mwaka huu hakuna aliyetutangazia.

Basi Jumatatu ile nikafanya ishara ya msalaba, nikaanza Malkia wa Mbingu. Na wote wakaitikia, watu wazima na akili zao. Tulikuwa tumefika katikati Vero akanivuta kanga. Darasa lao lilishatoka, sikumwona alipokuja.

"Mama Denis, Pasaka imekwisha."

Sala ikakatikia hapo. Mama Gaude, unamjua hana kizuizi, akasema, "Mama Denis ukimwachia, ataisukuma Pasaka mpaka igongane na Krismasi." Wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa namtazama mwanao, naye hakucheka. Akasema polepole, "Mama angeanza hivi." Akaanza, Malaika wa Bwana, mpaka mwisho wake, hakukosea hata mahali pamoja. Na sauti ni yako, Mama Vero. Ile ile ya kukokota neno la mwisho mpaka watu waitikie. Mama Gaude aliyekuwa akicheka akageukia ukutani akajifuta macho. Adhana ikatukuta bado tumesimama, hakuna aliyemshika mwanawe mkono kuondoka.

Nikadhani yamekwisha, atapokea. Nikaenda mbio kulitoa gauni lake jeupe la Komunyo sandukuni, Bi Zuwena akalipiga pasi.

Hakupokea. Sikukuu ya Ekaristi wenzake walipita kwa mstari, weupe kama asumini, wazee wao wameinua simu kuwapiga picha. Yeye amekaa kwenye benchi na sare yake ya skuli. Safari hii sikumwambia neno, Mungu ni shahidi yangu, ingawa moyo ulikuwa unanichoma. Nilikwenda kupokea peke yangu, nikarudi, nikapiga magoti. Akanisogelea sikioni.

"Umemwombea mama?"

Nikamwambia nimemwombea.

Nyimbo mbili zikapita. Kisha akasema, "Mwakani nitakwenda kumwombea mwenyewe."

Nilimvuta tu, akanilalia begani mpaka baraka ya mwisho.

Hiyo ndiyo habari, sikuificha. Ahadi niliyokupa sikuitimiza, naomba unisamehe. Nakupa nyengine ninayoiweza: sitamsukuma tena, wala sitalitaja jina lako kumtisha nalo. Nitakaa naye kwenye benchi mpaka siku atakayoinuka, hata ikiwa si mwakani. Na Jumatatu hadi Ijumaa, saa sita, yeye ndiye anayetuongoza. Tumekubaliana wazee wote. Mimi naitikia tu.

Raha ya milele uipate, mwenzangu. Tukumbuke mbele ya Bwana kama sisi tunavyokukumbuka, na mimi zaidi, maana nimechoka na sina wa kumwambia.

Nijibu upesi ukijaaliwa. Na kama huwezi kutujibu sote wawili, mjibu yeye.

Ni mimi wako,
Mama Denis