Risasi Ulizoziingiza Kwenye Bunduki ya Baba Yako

Mwanangu Gaudensi, uliyejificha huko Mbinga mjini kama panya kwenye ghala la kahawa,

Salamu zako zimefika. Kondakta wa basi la Kitai alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema, "Shikamoo bibi. Gaudensi anauliza kama anaweza kurudi nyumbani." Nikamwitikia marahaba, nikamkalisha ale ugali na dagaa wetu wa usipa, nikamwambia jibu atalibeba kesho. Jibu ndilo hili. Mimi shule sikuiona hata mlango, kwa hiyo nasema na mwingine anaandika. Anayeandika ni mkeo Ostakia. Ndiyo, huyo huyo uliyemwacha na mimba. Ukiona mahali mwandiko umepinda, ujue hapo alitaka kuvunja kalamu. Na barua hii siifungi. Kondakta akitaka awasomee abiria, maana hapa Lundo hakuna asiyejua ulichofanya.

Kwanza nikukumbushe, kwa sababu mtu aliyekimbia hupenda kusahau.

Ulipokuwa mdogo, baba yako alikuwa akitandika gunia uani na kuifungulia hapo ile bunduki ya mitutu miwili. Wewe unalala kifudifudi, kidevu kwenye viganja, huendi hata kucheza. Ulijua kwamba aliachiwa na yule Mwingereza mpima ardhi ambaye baba yako alikuwa akimbebea mizigo, na kwamba bwana nyama wa serikali alimwandikia kibali ili awafukuze viboko kwenye mpunga wa watu. Ulijua yote, lakini kila siku unauliza upya.

"Baba, kwa nini mitutu miwili?"

"Kwa sababu kiboko uliyemkosa hakungojei ujaze tena."

"Kwa nini hutumii risasi kama za mgambo?"

Baba yako akacheka mpaka akakohoa. "Wewe, ukivaa viatu vya mjomba wako utafika Kigonsera?"

Halafu akakueleza, na mimi nikiwa napepeta mchele nikasikia. Kwamba mafundi huko Uingereza waliiunganisha ile mitutu huku wakiipiga na kuirekebisha, kwa risasi ya uzito mmoja na baruti ya kipimo kimoja, mpaka yote miwili ikakubaliana kupiga mahali pamoja. Akakugeuzia chini yake, akakuonyesha alama zilizogongwa kwenye chuma, za uzito wa risasi na kiasi cha baruti. "Hawa ni mke na mume," akasema. "Ukiwabadilishia chakula, mmoja anatazama Lundo na mwingine anatazama Malawi." Akakwambia tena kwamba chuma cha zamani ni chembamba, kinataka risasi yenye ganda jepesi na moyo laini, inayokubali kubanwa ikipita. Risasi ngumu mpaka ndani haibanwi. Haikubali yenyewe, basi mtutu ndio utakaokubali, uvimbe.

Ulisikia au hukusikia? Ulisikia. Ulikuwa ukiwafundisha wenzako kwa bunduki za mabua.

Na mgomba unaukumbuka. Kila alipopata risasi mpya, hata kama boksi lilikuwa na alama zile zile, baba yako alikata mgomba, akausimika mchangani kule ufukweni mwa ziwa, akapiga mtutu wa kulia, akapiga wa kushoto. Wewe ndiye uliyekuwa ukikimbia kwenda kutazama. Matundu yakikaa karibu karibu kama macho ya mbuzi, unaruka juu na kupiga kelele. Yakiachana, baba yako anaishusha bunduki. Anapitisha vidole kwenye mitutu taratibu kama mtu anayempapasa mbuzi kujua kama ana mimba, halafu anazifunga zile risasi kwenye kitambaa na kumrudishia aliyezileta. Mwaka mmoja kiboko alikula bonde zima na baba yako akakataa kupiga, kwa sababu risasi alizokuwa nazo mgomba ulizikataa. Wanawake walikuja kumtukana hapa mlangoni. Mmoja alimwambia avae kanga. Akasema, "Nitavaa, lete. Mpunga hupandwa tena."

Basi zile zikawa siku za uhaba, kila kitu hakuna. Ninyi vijana mlikulia humo, na hapo ndipo mlipoharibikia. Tairi la trekta mlilikata mkatengeneza ndala. Betri ya redio ikifa mnaianika juani. Taa ya Mchina mnaitia utambi wa shuka. Mlijifunza kwamba kikiingia kinafaa. Sikulaumu kwa hilo, sote tuliishi hivyo. Lakini baba yako kwa bunduki ile hakuishi hivyo, na wewe ulikuwa ukimwona.

Ikaja ruksa ya kuuza na kununua. Maduka yakajaa, wanunuzi wa kahawa kila kona, mitumba mpaka njiani. Ukapanda juu milimani kuuza mchele, ukarudi na boksi la risasi ulilouziwa na mtu pale Kitai. Ukazimwaga mezani. Nzuri kweli, nyekundu, zinang'aa kama pete za arusi. Shaba tupu kuanzia ncha mpaka kitako. Ukaingiza moja kwenye bunduki, ikaingia, ukaifunga, ikafungika.

"Umeona, mzee? Imeingia yenyewe."

"Hata nyoka huingia nyumbani mwenyewe," baba yako akasema. "Kesho nikitoka misa tutaziuliza kwenye mgomba."

"Mgomba, mgomba! Dunia imefunguka, baba. Siku hizi vitu ni vipya."

"Vitu ni vipya. Bunduki ni ile ile."

Hayo ndiyo mazungumzo yenu ya mwisho. Ostakia alikuwa anakaanga samaki, ameyasikia, hapa anatikisa kichwa kunikubalia.

Asubuhi baba yako yuko kanisani, watu wakapiga madebe bondeni. Dume kubwa liko kwenye mpunga. Wewe ungeweza kungoja. Ungeweza hata kutumia zile mbili za zamani zilizokuwa kwenye kibuyu chake. Ulichukua nyekundu zako kwa sababu wasichana walikuwa wanatazama. Usikatae, mkeo alikuwa mmoja wao, na tayari alikuwa mkeo.

Mtutu wa kulia ukampiga chini ya bega, mahali pa kumkasirisha tu. Wa kushoto ukapiga maji. Kiboko akaingia matete akiwa na damu, na wewe ukatupa bunduki, ukakimbia mpaka chumbani kwangu, ukajikunyata nyuma ya mtungi. Mtu mzima mwenye ndevu.

Unajua sheria yetu, aliyejeruhi ndiye anayemfuata mnyama. Kiboko mwenye jeraha hawezi kuachwa kwenye njia ya maji, wanawake wanachota pale. Baba yako alitoka misa na goti lake bovu, na suruali ya Jumapili. Akaiokota bunduki, akapitisha vidole. Mtutu wa kulia ulikuwa umevimba kama nyoka aliyemeza panya. Akanitazama. Akatoa risasi moja ya zamani, akaiweka kushoto peke yake. Nikamwambia, "Mwite mwanao aende." Akasema, "Atakufa." Nikamwambia, "Na wewe je?" Akaenda.

Alimpiga, na alimpiga vizuri. Lakini alikuwa na mtutu mmoja tu, na mnyama yule alihitaji wa pili; akamfikia kabla ya kuanguka. Walikufa wote, mnyama pale pale, baba yako baadaye. Na nyama ile, Gaudensi, ndiyo iliyolisha waombolezaji matangani. Hukuwepo, ulishapanda mlima. Watu walikuja kutoka kila kijiji, tungewapa nini? Na mimi nilikula. Nilikula kwa hasira, nikaomba kipande kingine.

Hukumzika baba yako. Udongo wako aliutupa Ostakia akiwa na tumbo mbele. Mtoto alizaliwa wa kike, ana masikio yako, na watoto wenzake wanamwambia babu yake aliuawa na baba yake. Akija kuniuliza simdanganyi. Namwambia, ndiyo, aliuawa na haraka ya baba yako. Kisha nambeba.

Mbinga si Ulaya. Mvua ikinyesha kwenu, maji yake tunayaona huku mtoni. Ungeweza kushuka kwa miguu. Ulikuwa unangoja nife kwanza ili ukute nyumba haina mdomo. Sikufa.

Kondakta anasema umekonda na kwamba ukilewa unawauliza watu wa huku kama baba yako aliacha neno juu yako. Wote wamekujibu hawajui, kwa sababu niliwakataza. Aliliacha. Tulimbeba kwa mlango tulioung'oa, akafika hapa uani akiwa bado anapumua. Akafungua macho. Nikadhani ataniaga, mimi niliyemzalia na kumpikia. Akaniuliza, "Mtoto amepona?" Nikasema amepona. Akafumba.

Nilikunyima neno hili makusudi na sijutii. Ungelifanya mto ukalalia. Sasa nakupa, kwa sababu Ostakia ameweka kalamu chini na kusema hataendelea kuandika nisipokupa.

Haya, jibu lako. Rudi. Shuka mchana, upite katikati ya kijiji, wakutemee mate wanaotaka, na ukifika kwangu nami nitatema. Halafu utaingia ndani, ule.

Mimi mama yako, bibi wa binti usiyemjua.