Kitanda Hakiumwi

Dada Somoe,

Shikamoo. Mdogo wako ni mzima, ila joto la Temeke limenitoa vipele shingoni. Hapa hospitalini tunafundishwa na daktari mmoja mkubwa, nasi wanafunzi wake tunamwiga kila kitu, mpaka kutembea na mikono nyuma.

Jana asubuhi alituhutubia juu ya utu wa mgonjwa: katika nchi ya ujamaa, kila mgonjwa ni ndugu yetu. Kisha tukaingia wodini, nami nikaeleza hali ya bibi mmoja kwa namba ya kitanda, kama afanyavyo yeye siku zote.

"Kitanda cha tisa bado kinaumwa tumbo. Tukiongezee dawa."

"Kitanda hakiumwi, mwanangu," bibi akasema. "Ninayeumwa ni mie, Mwanahawa."

Daktari akanigeukia. "Nani amekufundisha kuongea hivyo?"

Dada, jibu nilikuwa nalo, lakini cheti changu anasaini yeye. Nikatazama viatu vyangu. Bibi akanijibia: "Si wewe?"

Daktari akavua miwani, akaketi kando yake. "Shikamoo, Bi Mwanahawa."

Bibi akaitikia, kisha akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa vidonge vya siku nne. Hakuvimeza kwa sababu hakuna aliyemwambia ni vya nini. Daktari akamweleza kimoja kimoja, naye akameza vya siku hiyo.

Tulipotoka nje, akatuhubiria nusu saa nzima jinsi ya kuzungumza na wagonjwa. Tuliandika yote.

Nisalimie mama, nawe usijichoshe sana na shamba la kijiji.

Mdogo wako akupendaye,
Salumu