Aiskrimu Isiyo na Sukari

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utadondosha miwani, na mwaka huu umeshavunja mbili. Goti likoje? Nauliza la kushoto, la kulia huwa unalisingizia tu. Mimi ni mzima wa kutosha kukusumbua, isipokuwa kiu. Nakunywa maji kama mchanga, na safari za chooni zimezidi hadi wifi yako ananiuliza kama nimepanga chumba kule. Namwambia ni uzee, anivumilie.

Habari kubwa ya hapa ni mashine. Kama nilivyokueleza, wifi yako alipimwa akakutwa na sukari, daktari akampiga marufuku vitu vitamu na kumpunguzia wanga: mkate kipande, wali kiganja. Yote aliyakubali. Kilichomshinda ni aiskrimu. Unamjua, ndiyo niliyomtongozea. Watoto wa jirani wakipita wanalamba, yeye anageuza kiti na kutazama ukuta. Mwanamke niliyeishi naye miaka arobaini na sita, anatazama ukuta! Nikasema hapana, nitamtengenezea yake, ya krimu na viini vya mayai na ile poda tamu ya wagonjwa.

Nikaenda dukani. Mwenye duka, bwana ambaye tumbo lake hufika kabla yake, alinipangia mashine tatu. Nikazikagua kama ninavyokagua viti: nikazipindua, nikazigonga, nikazinusa. Akaniuliza kama nanunua mashine au mbuzi. Ya kwanza, bakuli lake sharti lilale kwenye friza tangu jana yake. Nikamjibu kwamba friza yetu inatosha kuku mmoja aliyekunja miguu, na hamu ya mke wangu haitoi taarifa siku moja kabla. Ya pili ilikuwa ndoo ya mbao, ya kuzungusha kwa mkono, barafu na chumvi pembeni. Dada, zile mbao zilivyoshikana! Nusura niinunue niiweke sebuleni. Lakini bega langu, baada ya miaka yote ya kupiga randa, hata kitasa linazungusha kwa manung'uniko. Nikachukua ya tatu, inayogandisha yenyewe, nzito kama mkwe aliyekuja kukaa. Unamimina, baada ya dakika arobaini unakula.

Yule bwana alinionya kwamba aiskrimu isiyo na sukari iliwe papo hapo, kwa sababu sukari ndiyo inayoilainisha. Ukiilaza kwenye friza inakuwa jiwe. Niliitikia huku naitazama ndoo. Unakumbuka nilivyokuwa darasani, mwalimu anafundisha hesabu, mimi naangalia dawati limepigiliwa vipi. Basi nikatengeneza bakuli zima, nikalilaza. Kesho yake kijiko kikapinda. Nikaleta patasi na nyundo. Wifi yako alicheka mpaka akashikilia mlango, akamwita jirani yetu mshonaji aje aone fundi viti anachonga aiskrimu. Huyo mshonaji, hana adabu, akaniuliza kama nitaipiga na msasa.

Bakuli la pili lilitoka laini, likalala friza likaamka laini. Mshonaji aliomba nyongeza. Kwa siku tisa wifi yako alikula kila alasiri, kiti kimegeuzwa, anatazama barabara na kusema watu. Nami nikajigamba kwamba siri iko kwenye mkono wa fundi.

Hapa, Dada, weka miwani vizuri. Siri ilikuwa sukari. Vijiko viwili, nikiwa peke yangu jikoni, nikajiambia viwili si kitu. Nilipima kwa jicho, kama ninavyopima mbao, na jicho la mtu anayesifiwa huongeza. Kufikia siku ya tisa vilikuwa sita.

Alhamisi tukaenda kliniki. Kwenye kidaftari chake cha vipimo vya sukari, saba ya kila asubuhi ilikuwa imepanda hadi kumi na nne. Daktari akasema vidonge vimeshindwa, aanze sindano siku hiyo hiyo. Wifi yako akasema kwa sauti ndogo kwamba haelewi mwili wake, maana tangu namba zianze kupanda ameacha hata kile kipande cha mkate, anashinda na njaa. Sikulijua hilo. Ananificha njaa, namficha sukari. Na mbele yangu inaandaliwa sindano ya ugonjwa niliomwongezea kwa kijiko. Nikasimama, nikavua kofia, nikasema yote.

Daktari aliifuta ile sindano, akaniambia maneno ambayo mzee wa umri wangu haambiwi, na niliyastahili. Wifi yako hakunitazama. Alimwambia tu muuguzi kwamba na huyu mzee atobolewe kidole, aonje. Muuguzi akanitoboa huku anacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia ninawe mikono, akatoboa kidole kingine. Kumi na tisa, Dada, na cha pili kumi na nane. Ni kweli mwiko wa siku tisa niliulamba mimi, lakini daktari anasema yangu si ya siku tisa, ni ya miaka. Ndipo wifi yako akanishika kile kidole akakibinya. Kwa hasira au kwa mapenzi, sikuuliza.

Sasa mizani ya jikoni iko mikononi mwake. Tunatengeneza vikombe viwili vidogo, tunakula papo hapo kama nilivyoambiwa mwanzo. Kazi yangu ni kushika kifuniko. Viti vyote viwili vinatazama barabara.

Lakini sikukuandikia ili unicheke tu. Unaukumbuka ule mtungi wa Baba, aliokuwa haachani nao, mimi na wewe tukampachika jina la Kisima? Nakunywa kama yeye. Na barua yako ya mwisho ililalamika kuhusu kiu, ukalaumu joto. Nenda kapime, Dada. Usinijibu kwamba u mzima, niandikie namba.

Wifi yako anakusalimu sana, na mshonaji pia, ingawa hakuombwa. Nibusie wajukuu, na goti lile la kushoto.

Mdogo wako mkaidi,
Fundi Patasi